Wafanyakazi wa Michikichi wa Lusanga: Sanamu Zilizonunua Ardhi



Katika ukurasa huu wa Kiswahili tumezoea kuzungumza mambo ya mishahara, posho, nyumba za kambi na usalama wa mashine. Safari hii tunataka kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana ni la watu wenye nafasi, yaani wasanii kupewa makazi ili wafanye kazi zao karibu na msitu, mto au shamba. Wanachama wengine watauliza, mchuma chai na mkata miwa anahusika vipi na wachora picha? Tunawaomba wavumilie kidogo, kwa maana habari yenyewe inatoka Congo, nchi ya jirani, na wenye habari hiyo ni wafanyakazi wa mashamba kama sisi.

Kwanza tueleze maana. Makazi ya wasanii ni mpango ambao mtu mwenye kazi ya kuchonga, kuchora, kuandika au kutunga muziki hupewa chumba, chakula na muda, mbali na shughuli za kila siku, ili afanye kazi yake bila kusumbuliwa. Mpango huu si mpya. Huko Marekani, katika jimbo la New Hampshire, mtunzi wa muziki Edward MacDowell na mkewe Marian walikuwa na shamba, na mwaka 1907 shamba hilo likafanywa mahali pa kupokea wasanii. Kila mgeni ana kibanda chake katikati ya miti, na chakula cha mchana huletwa ndani ya kikapu kikaachwa mlangoni ili asikatizwe kazi. Mbuga nyingi za taifa za Marekani nazo hupokea wasanii kwa namna hiyo. Siku hizi waendeshaji wa mipango ya aina hii wanasema wanataka kuwaita pia wahamiaji, maskini na watu wa rangi zote, ili nao wapate kuzoeana na maumbile ya nchi wanamoishi.

Nia hiyo ni njema, wala hatuidharau. Lakini mtu anayelipwa kwa kutwa hawezi kuacha kipande chake wiki tatu akakae chini ya mti kusikiliza ndege. Nani atamlipa? Nani atanunua unga nyumbani? Ndiyo maana kwa miaka mingi makazi hayo yamejaa watu ambao tayari walikuwa na nafasi ya kupumzika.

Majani tangu alfajiri

Tukitazama vizuri, mfanyakazi wa shamba kubwa ana jambo la ajabu maishani mwake. Huamka kabla ya jua, huloa umande, hushinda katika majani mpaka jioni. Mtu wa mjini akimwona atasema huyu ndiye anayeishi na maumbile. Kumbe mwenyewe amezungukwa na mmea mmoja tu, uliopandwa kwa mistari, ambao hawezi kuula wala kuuza, na mti wa kivuli akiukata kwa kuni anaweza kufukuzwa kazi. Wengi wetu, au baba zetu, tulifika katika mashamba ya miwa ya Busoga na ya chai ya Toro tukitoka mbali: West Nile, Kigezi, Rwanda, Burundi, Congo. Kila mmoja alikuja na majina ya miti ya kwao katika lugha ya kwao, na dawa za miti hiyo, na nyimbo za kuvuna. Katika kambi tukapata Kiswahili cha kusemezana, lakini Kiswahili hicho kilikuwa cha kazi: mzani, kipande, mnyapara, siku ya mshahara. Mtoto aliyezaliwa kambini anajua jina la kila mashine, na ndege anayelia juu ya paa lao hamjui jina.

Viongozi wa wafanyakazi wa zamani walilifahamu jambo hili. Mwaka 1924 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliokaa Geneva, ulitoa pendekezo juu ya matumizi ya muda wa mapumziko wa wafanyakazi, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa humo ni vishamba vya wafanyakazi wenyewe, pamoja na maktaba na michezo. Wakati huo masaa manane ya kazi yalikuwa ni jambo jipya, na swali lilikuwa: mfanyakazi akiisha kupata masaa yake mwenyewe, atayapeleka wapi? Jibu moja lilikuwa kipande cha ardhi alime atakacho.

Sasa tuingie Congo.

Karakana ya Elisabethville

Lubumbashi, mji wa shaba na mji wa Kiswahili, uliitwa Elisabethville wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini na mchoraji, alifungua karakana ya kuchora huko, ikajulikana kwa jina la Kifaransa la Le Hangar, yaani banda. Aliwachukua vijana wa Kiafrika waliokuwa hawajapata kusoma kuchora popote. Mmoja wao, Bela Sara, alikuwa mtumishi wake. Bela hakutumia brashi. Alichovya ncha za vidole katika rangi akajaza karatasi madoa madoa mpaka samaki na wanyama wakatokea. Pilipili Mulongoy alichora ndege wakilisha makinda, nyoka, mamba na samaki, na nyuma yao akajaza vitone vidogo mfululizo kama shanga. Mwenze Kibwanga alitumia mistari mifupi mifupi iliyopangwa kama ukindu uliosukwa.

Mwalimu aliwakataza jambo moja, kuiga picha za Ulaya. Aliwataka watazame maumbile ya nchi yao na kukumbuka hadithi na kazi za kwao, kisha kila mmoja atafute mkono wake. Matokeo yake ni kwamba watu wanne au watano wa karakana moja hawakufanana. Mwaka 1954 Romain-Desfossés alifariki, na wachoraji wake wakaingia katika chuo cha sanaa cha mji huo kilichokuwa kimefunguliwa na Laurent Moonens. Mwaka 2015 picha zao zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Congo, na watu wa huko wakazishangaa kana kwamba zimechorwa jana.

Tunaiheshimu kazi hiyo. Hata hivyo katika mji ule shaba ilikuwa na wenyewe, ardhi ilikuwa na wenyewe, na wanunuzi wakubwa wa picha walikuwa Wazungu. Mchoraji aliweza kumchora samaki vizuri kuliko mtu yeyote, lakini hakuwa na sauti juu ya mto. Karakana iliwapa watu macho. Jambo la ardhi halikuguswa.

Limekuja kuguswa miaka mingi baadaye, upande wa pili wa nchi hiyo hiyo, mahali paitwapo Lusanga.

Sabuni

Lusanga iko katika jimbo la Kwilu, karibu na mji wa Kikwit, pale mto Kwenge unapoingia katika mto Kwilu. Huko Kiswahili si lugha ya nyumbani. Watu husema Kikongo na lugha zao nyingine. Lakini historia yake kila mfanyakazi wa shamba ataifahamu bila mkalimani.

Mwingereza William Lever alikuwa tajiri wa sabuni. Sabuni ya Sunlight ambayo mama zetu waliifulia nguo ilianza kwake. Sabuni hutaka mafuta, na mafuta ya mawese yalikuwa Afrika. Mwaka 1911 alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji, na kampuni yake ya Huileries du Congo Belge ikapewa maeneo matano ya michikichi, ambamo iliweza kujichagulia ardhi mpaka jumla ya hekta 750,000. Lusanga ikawa kituo kimojawapo, na jina lake likafutwa likaandikwa Leverville, mji wa Lever.

Huko kwao Uingereza, karibu na Liverpool, Lever alikuwa amewajengea wafanyakazi wa kiwanda chake kijiji kizuri kiitwacho Port Sunlight, kuanzia mwaka 1888. Kina nyumba za matofali, bustani za maua, na tangu mwaka 1922 kina jumba la sanaa lenye jina la mkewe, lililojaa picha na sanamu za thamani. Alisema mfanyakazi anahitaji uzuri. Tunakubaliana naye. Ila uzuri huo ulikuwa na mlipaji wake.

Mlipaji alikuwa mkata mikungu wa Leverville. Kazi yake ilikuwa kupanda mchikichi kwa mshipi uliozungushwa kiunoni na kwenye shina, juu kabisa, kukata mkungu wenye miiba kwa panga, kushuka, na kupanda mwingine. Mbelgiji Jules Marchal, aliyekuwa afisa wa serikali huko Congo na baadaye balozi wa nchi yake, alikuja kuandika kitabu kizima juu ya kazi za kulazimishwa katika mashamba hayo. Kwa ufupi mambo yalikuwa hivi: kodi ilitozwa kwa fedha, fedha ilipatikana kwa kukata mikungu tu, na aliyekataa alikutana na askari. Tangu lini mkataba wa namna hiyo ukaitwa wa hiari?

Kisha bei ya mafuta ikaanguka duniani. Malipo ya mkungu yakashushwa, kodi ikabaki pale pale. Mwaka 1931 watu wa kabila la Wapende, ambao wengi wao walipelekwa kukata mikungu, waliasi. Jambo moja lililowasha moto lilikuwa la mwanamke mmoja aliyefanyiwa ubaya na mtumishi Mzungu, na mumewe akadhalilishwa alipodai haki. Mwezi Juni afisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, aliuawa. Jeshi la kikoloni lilipofika liliua Wapende zaidi ya 500. Wazee wa huko waliobaki walichonga sanamu ya mti ya huyo Balot, na inaelezwa kwamba ilikuwa ya kuifunga roho yake isiwadhuru tena. Sanamu hiyo tutairudia.

Kampuni ya Lever iliungana na kampuni ya majarini ya Kiholanzi ikawa Unilever. Ni kampuni hiyo hiyo ambayo, kwa kuinunua Brooke Bond mwaka 1984, ilikuja kumiliki mashamba ya chai ya Kericho, mpaka ilipoiuza biashara yake ya chai mwaka 2022. Lusanga iliachwa zamani zaidi. Kampuni iliondoka, michikichi ilikuwa imezeeka, na udongo ulikuwa umechoka.

Yafaa kueleza kidogo kuchoka huko, maana wengine hudhani udongo huchoka wenyewe. Mchikichi huzaa vizuri miaka kama 25, kisha unakuwa mrefu mno na mazao hupungua. Kila mkungu unaochukuliwa kiwandani unaondoka na chumvichumvi za udongo. Zisiporudishwa, kwa mbolea au kwa majani na makapi, shamba linakuwa kama debe linalochotwa tu. Tena palipokuwa na miti mia ya aina mbalimbali pamebaki mmoja, basi wadudu, ndege na kuvu waliokuwa wakiutengeneza udongo nao wamekwenda zao. Na watu? Watu walibaki. Kampuni huhama, kambi haihami.

Udongo wa mtoni na chokoleti

Mholanzi mmoja mtengeneza filamu, Renzo Martens, alikuwa ametoa filamu mwaka 2008 juu ya umaskini wa Congo. Alikuja kukiri hadharani jambo ambalo wengi wa kazi yake hawalisemi, kwamba picha za maskini huwaletea faida wapigaji picha, na miji ya Ulaya inayozionyesha, na maskini mwenyewe habakiziwi kitu. Akauliza: je, mfanyakazi wa shamba akitengeneza sanaa yeye mwenyewe, na faida ikarudi kwake?

Mwaka 2014 kikaundwa chama kiitwacho kwa Kifaransa Cercle d'Art des Travailleurs de Plantation Congolaise, kwa kifupi CATPC, maana yake Duara la Sanaa la Wafanyakazi wa Mashamba wa Congo. Rais wake ni René Ngongo, ambaye baadhi ya wasomaji wetu wa upande wa Congo watakuwa wamemsikia. Ndiye aliyeanzisha mwaka 1994 huko Kisangani shirika la OCEAN la kutetea misitu, na mwaka 2009 alipewa tuzo ya Right Livelihood kwa ujasiri wake dhidi ya waharibifu wa misitu. Tazameni basi: rais wa chama cha wasanii ni mtu wa miti. Toka mwanzo mambo hayo mawili hayakutenganishwa.

Wasanii kutoka Kinshasa, akina Michel Ekeba, Eléonore Hellio na Mega Mingiedi, walikwenda kukaa na wafanyakazi hao na kuwaongoza katika kazi. Hapa ndipo mpango wa makazi ya wasanii ulipogeuzwa kichwa chini miguu juu. Kawaida msanii huondolewa kwake akapelekwa porini. Huku aliyekuwa mgeni alikuwa mwalimu, na wakazi walikuwa wenyeji, wakata mikungu na wakulima, wanawake kwa wanaume, wakifanya kazi katika nchi yao wenyewe.

Udongo wa mfinyanzi walikwenda kuuchimba mtoni na katika vipande vichache vya msitu wa zamani vilivyosalia kuzunguka mashamba. Wakafinyanga sura za watu, za wazee, za mambo yaliyowapata. Bi. Irène Kanga alifinyanga habari ya yule mwanamke wa mwaka 1931. Lakini sanamu ya udongo mbichi haisafiri. Basi ikatafutwa njia: sanamu hupigwa picha na chombo kinachopima umbo lake pande zote, vipimo hupelekwa Ulaya kwa intaneti, na huko Amsterdam hutengenezwa kalibu, na ndani ya kalibu humiminwa chokoleti. Sanamu ya Lusanga inazaliwa mara ya pili, rangi ya kahawia, ikinukia kakao.

Kwa nini chokoleti? Kakao na mawese ndiyo mazao yanayoondoka Congo kwa magunia na mapipa yakarudi kwa majina mengine. Mtu aweza kuvuna kakao maisha yake yote asipate kuonja chokoleti. Mnunuzi wa Ulaya anaponunua sanamu hiyo, ananunua kakao ile ile, isipokuwa sasa ina uso, na uso unamtazama. Mwaka 2017 zilionyeshwa New York, wakubwa wa magazeti wakazisifu, zikanunuliwa.

Fedha zikarudi Lusanga, na hapa tunataka kila mwanachama asome kwa makini. Sehemu ziligawiwa watengenezaji, maana nao wana watoto wa kulisha. Sehemu nyingine chama kilinunulia ardhi, ardhi ile ile ambayo babu zao waliikatia mikungu. Walianza na vipande vidogo. Kufika mwaka 2024 walikuwa na hekta zipatazo 200. Ukizilinganisha na zile 750,000 ni kama tone ndani ya pipa, na sisi hatutaki kudanganya mtu kwa hesabu. Lakini ni tone lenye hati.

Juu ya ardhi hiyo hawakurudisha shamba la mmea mmoja. Wanapanda chakula, kakao na michikichi pamoja na miti mingine, na kuacha msitu ujirudie. Wao huuita mpango huo shamba la baada ya mashamba makubwa. Kazi yake huenda kwa mpangilio ambao mkulima yeyote wa zamani angeutambua: mihogo na karanga hutangulia kuwalisha watu, migomba hutoa kivuli, mikakao hukua chini ya kivuli hicho na kuanza kuzaa baada ya miaka mitatu mpaka mitano, mimea ya jamii ya kunde hutia nguvu udongoni, na majani yote yanayoanguka huachwa yaoze pale pale. Ndege wanarudi wakiwa na mbegu matumboni, na mbegu hizo hakuna anayezilipia.

Jengo jeupe, na lawama

Mwaka 2017 lilifunguliwa Lusanga jengo la maonyesho liitwalo White Cube, yaani mchemraba mweupe, lililochorwa na kampuni ya usanifu ya OMA ya Uholanzi. Ni jumba jeupe tupu kama yale ya Ulaya, limesimama katikati ya shamba la zamani la michikichi. Watu wengi wamelilaumu. Wanasema zahanati ingefaa zaidi. Wengine wanasema Mholanzi amejipatia sifa kwa migongo ya watu weusi, na kwamba filamu yake ya mwaka 2020 yenye jina la jengo hilo inamwonyesha yeye kuliko inavyowaonyesha wao.

Lawama hizo si za kupuuzwa. Ni kweli soko la sanaa ni soko la matajiri, na tajiri akichoka na sanamu za chokoleti hakuna mgomo utakaomrudisha. Ni kweli pia kwamba wasanii wachache hawawezi kuinua hali ya maelfu ya wakata mikungu. Mtu asije akachukua habari hii akatuambia tuache kudai nyongeza ya mshahara tukafinyange udongo. Msanii hulipwa kwa bahati, mfanyakazi anapaswa kulipwa kwa haki, na hayo ni mambo mawili.

Juu ya jengo jeupe, hata hivyo, wenyewe wana jibu, nalo limetukaa moyoni. Majumba ya namna hiyo huko Ulaya yalijengwa kwa faida ya mashamba. Port Sunlight ina jumba lake. London, katika jumba la Tate Modern, Unilever ililipia maonyesho makubwa mfululizo tangu mwaka 2000 mpaka 2012. Kama mawese ya Lusanga yalijenga kuta nyeupe kwingine, kwa nini Lusanga isiwe na zake, na kuta hizo zikavuta watazamaji na fedha mpaka shambani?

Swali letu sisi watu wa vyama ni jingine: nani ana sauti? Katika CATPC ardhi inashikwa na chama cha wafanyakazi wenyewe. Hilo ndilo linalotufanya tuiandike habari hii. Wafadhili wakiondoka kesho, mihogo haitang'oka kuwafuata. Kwetu, matawi ambayo yana mashamba ya vyakula kando ya kambi yangefanya vizuri kuangalia yameandikwa wapi, kwa maneno gani, na kwa jina la nani, kabla ya majadiliano ya mkataba ujao. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa meneja huondoka na meneja.

Sanamu ya Balot

Tulisema tutairudia. Sanamu ya mti ya yule afisa wa mwaka 1931 ilifichwa miaka mingi. Mwaka 1972 mtaalamu wa Kimarekani, Herbert Weiss, aliinunua huko Congo, na mwaka 2015 ikaingia katika jumba la sanaa la Richmond, jimbo la Virginia. Watu wa Lusanga wakaanza kuiomba. Waliomba kukopeshwa tu, na hata hilo lilikuwa na maneno mengi. Mwaka 2022 walichukua sura ya sanamu hiyo wakatoa picha zipatazo 300 za kuuzwa kwa kompyuta ili wanunue hekta zaidi. Jumba la Richmond halikufurahi. Mwenye sanamu alilalamika kwamba sura imechukuliwa bila idhini, akiwaambia watu ambao wazee wao ndio walioichonga.

Mwaka 2024 Uholanzi iliwapa CATPC jumba lake katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Wakata mikungu wakawa ndio uso wa nchi ya Ulaya katika mkutano wa mataifa. Walijaza ukumbi sanamu zao. Wakati huo huo Richmond ilikubali, na sanamu ya Balot ikasafirishwa kwa ndege na kwa barabara mpaka Lusanga, ikawekwa ndani ya lile jengo jeupe. Mgeni wa Venice aliyetaka kuiona alikuwa na kioo cha televisheni tu, kikileta picha kutoka Lusanga. Mkulima wa Lusanga alifungua mlango akaitazama kwa macho yake.

Bibi na babu walikuja na wajukuu. Kutoka mlangoni mtu akigeuka nyuma aliona michikichi mizee ya kampuni, na ng'ambo yake mikakao michanga chini ya migomba. Maonyesho ya Venice yalifungwa tarehe 24 Novemba 2024, na mkopo wa sanamu ulikuwa wa muda wa maonyesho hayo. Hekta zenyewe hazikuwa za mkopo.